Vidole Viwili Juu ya Alama

6 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa sababu simu yako unaipokea kwa maneno mawili, "niko barabarani", kisha unakata, hata kama nasikia kijiko kinagonga kikombe. Huku wote wazima. Mchumba wangu anakusalimu. Bado ni karani, bado anapiga pasi hata soksi. Dukani kazi zimejaa. Shule zimefunguliwa na kila mtoto ameambiwa na mwalimu kwamba haoni ubaoni. Nakaa chumba cha nyuma kutwa nikisaga vioo vya miwani, maji ya jiwe la kusagia yananidondokea mkononi mpaka vidole vimekunjamana kama vya dobi.

Hofu ni kwako. Tangu mwaka jana hujaandika hata mstari. Dereva mwenzako alikuja kununua miwani, akaniambia maneno fulani juu yako huku anatabasamu. Nimeamua sijayasikia mpaka uyaseme mwenyewe.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata gari. Ni kama jipya, viti bado vina nailoni na ndani linanuka duka. Lakini Mjomba, linakula oili. Nalijaza Jumapili, Jumapili ya pili nikichomoa stiki naikuta imeshuka kama vile kuna mtu ananinyonyea usiku. Asubuhi likiwaka linatoa moshi wa buluu, na mama mwenye nyumba siku hizi akiniona tu na ufunguo anafunga madirisha. Lori lako ni la zamani kuliko mimi na sikuwahi kuliona likila hivi. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika stiki ya oili kabla sijajua kushika kalamu. Niambie nifanye nini, maana watu wa mtaa huu wameanza kunicheka, na mimi kuchekwa sijazoea.

Ni mimi,
Utingo wako


27 Februari

Utingo,

Marahaba. Barua yako imenikuta narudi kupeleka saruji. Mimi mzima. Goti la klachi linalalamika, nami silijibu. Lori nalo zima, limebadilishwa springi za nyuma, sasa likipita kwenye shimo halitukani tena.

Umeandika "nimepata gari". Nimekisoma hicho kipande mpaka karatasi imechakaa. Mtu hupata homa, hupata kazi, hupata mtoto. Gari hununuliwa, huibiwa au hupewa. Kununua huwezi, vioo vya miwani navijua. Kuiba sikukulea hivyo. Nani kakupa?

Hayo unijibu. Kwa sasa fanya hivi. Kwanza, usiku tandaza boksi chini ya injini, asubuhi uliangalie. Likiwa na madoa, oili inavuja, na hilo ni jambo dogo. Pili, fungua rejeta injini ikiwa baridi, uone kama maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kama ni safi, mshukuru Mungu. Tatu, moshi wa buluu maana yake oili inaungua pamoja na mafuta. Yaani inapita mahali isipotakiwa kupita. Gari jipya halipaswi kufanya hivyo. Wapelekee waliouza, wasikwambie eti litazoea. Gari si mkwe.

Na yale maneno ya dereva mwenzangu ni kweli. Nimeoa. Ni mjane, alikuwa na kibanda cha chai pale kwenye mizani tunapopimia malori, na kila foleni ikiwa ndefu nilikuwa nafurahi bila kujua kwa nini. Sikukwambia mapema kwa sababu nilijua utanuna. Anakusalimu sana. Kibanda amekifunga, sasa tunasafiri pamoja. Anakaa kiti cha pembeni, asubuhi yeye ndiye anayefungua boneti na kuchomoa stiki. Juzi nimemwambia, "Wewe sasa ndiye utingo." Akacheka mpaka akashika tumbo.

Jibu swali langu.

Mjomba wako


19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hongera kwa ndoa. Nilipoanza kuandika hongera kalamu iliisha wino, nikaazima nyingine, usije ukasema sikuandika. Mchumba wangu mzima, dukani salama, mama mwenye nyumba anakohoa na anasema ni moshi wangu.

Umesema nitanuna. Sikununa kwa sababu umeoa. Mtu hawezi kujipikia peke yake mpaka kaburini, na kama huyo mama amekuvumilia kwenye kabini ile basi ni mtu mwema. Lakini kulikuwa na majina yote ya dunia ya kumwita. Ungemwita mpenzi, ungemwita mama, ungemwita bibi chai. Ukachagua langu. Mama alipofariki nilipanda lori lako na kifurushi cha nguo, ukaniambia kuanzia leo mimi si yatima, mimi ni utingo. Nilidhani ni kazi ya kudumu. Nimeona wivu, Mjomba. Nimeusema, basi. Mwambie mkeo ile springi ya kiti cha pembeni inachoma paja la kulia, na kitambaa kilichoifunika nilikishona mimi.

Boksi nimeliweka, limeamka kavu. Maji ya rejeta ni safi. Nimekwenda gereji ya waliouza gari. Fundi wao alichomoa stiki, akaifuta, akairudisha, akachomoa tena, akaniuliza maswali. Kisha akasema neno ambalo sikulipenda. Nikafunga boneti mwenyewe nikaondoka. Hilo tuliache. Naendelea kama ulivyonifundisha: Jumapili asubuhi, injini baridi, namimina mpaka ifike vidole viwili juu ya alama ya juu. Na bado linakula.

Swali lako sasa. Gari nimepewa na Baba.

Alikuja dukani kama mteja yeyote. Nilimvalisha ile fremu ya kupimia, nikawa nambadilishia vioo, kila mara namwuliza, "Sasa unaona?" naye anasema, "Naona kidogo." Mwisho akaniangalia, akasema, "Sasa naona. Pua ni ya mama yako." Nilikuwa nimeshika kioo, kikaanguka. Gari alikuwa amelinunua karibuni, hajalitembeza, daktari akamkataza kuendesha kwa sababu ya macho. Akanipa.

Ndoa yangu ni Agosti. Kwa msajili wa ndoa, mezani, kuna kiti kimoja cha mzazi wa bibi harusi. Baba ameniuliza kama kiti hicho kina mtu. Sijamjibu.

Naomba usikasirike.

Mpwa wako


2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Naona siku hizi unasaini "mpwa". Sawa. Sisi tu wazima. Mke wangu anasema springi ameifahamu, na kitambaa chako amekifua akakirudishia. Mvua imekata barabara mara mbili. Nimechelewa kujibu na sitaki kuulizwa kwa nini.

Kwa hiyo yule bwana anaona kidogo. Mimi nilidhani ni kipofu wa kuzaliwa. Ulipougua surua hakuona. Ulipong'oka meno ya mbele ukakataa kucheka mwezi mzima, hakuona. Siku ile umesimama kwenye geti la shule unalia kwa sababu kila mtoto amekuja na baba na wewe umekuja na lori, hakuona. Nilipiga honi mpaka mwalimu mkuu akatoka amevaa kiatu kimoja, ndipo ukacheka. Leo ametokea na ufunguo mkononi, tayari ni Baba. Na umeiandika kwa herufi kubwa. Nimeitazama sana hiyo herufi.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wahenga walilisema hilo, mimi nalirudia tu. Tena wanasema asante ya punda ni mateke, lakini hilo sikusemi wewe, naliacha lipite.

Usidhani ni wivu. Mtu wa umri wangu, mwenye mke na lori, ataona wivu wa nini? Nakupa ushauri wa magari, kama ulivyoomba. Hakuna binadamu anayetoa gari jipya eti macho yamemsumbua. Angeajiri dereva. Angeuza. Amelitoa kwa sababu amekwisha kujua ubovu wake, akatafuta wa kumtwisha, akakumbuka kumbe ana mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako. Injini ile imeoza, na mkono ulioitoa nao umeoza. Mrudishie ufunguo. Umwambie usoni kwamba hukulelewa kupokea mabaki.

Hao mafundi wa gereji za vioo usiwasikilize. Fundi mwenye ovaroli safi anafanya kazi ya kusimama tu.

Kuhusu oili, endelea hivyo hivyo nilivyokufundisha.

Kuhusu kiti sina la kusema. Mwenye kukalia atakalia.

Mjomba wako


25 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barabara zimefunguka na mkeo hajambo. Huku hakuna anayecheka.

Nimefanya ulivyosema. Nilikwenda kwa Baba Jumamosi baada ya kazi. Amepanga chumba juu ya duka la vitambaa, kitanda, meza, na redio inayoongea peke yake. Alikuwa amevaa miwani niliyomtengenezea. Alinivutia kiti kabla sijasalimia. Nikabaki nimesimama, nikaweka ufunguo mezani, nikamwambia gari lake ni bovu, alijua ni bovu, na kama alitaka kunirudia angekuja mikono mitupu, ingekuwa heri.

Hakupandisha sauti. Alijaribu kunieleza jambo kuhusu gari, na ndani ya maelezo yake akasema neno moja juu yako. Hilo neno sikuweza kulibeba. Nikasema mengi, Mjomba. Mengine si ya kusemwa kwa mtu mzima aliyekaa kitandani kwake. Alipoona sinyamazi, akavua miwani, akaiweka kando ya ufunguo. Akasema, "Kitu nilichompa mwanangu sirudishiwi. Kuhusu ndoa, usijisumbue. Nitaisikia kwa watu." Kesho yake nilipokwenda nilikuta chumba kinafagiliwa. Amerudi alikotoka. Miwani ameniachia kwa mwenye duka, imefungwa ndani ya kitambaa cha sampuli.

Gari liko chini ya dirisha la mama mwenye nyumba. Siliwashi. Natembea kwenda kazini, na mchumba wangu hunisindikiza bila kuniuliza kitu, jambo ambalo ni baya kuliko maswali.

Basi kiti cha mzazi ni chako. Njoo uje ukikalie. Lete na utingo wako.

Umefurahi?

Mpwa wako


8 Juni

Utingo,

Marahaba. Sisi wazima. Leo sina habari nyingine za nyumbani, zote ni hii moja.

Ulipoandika "kiti ni chako" nilicheka peke yangu ndani ya kabini. Nilikwenda nikanunua suti siku hiyo hiyo, ya kijivu, nikaining'iniza nyuma ya kiti cha dereva ndani ya mfuko wake. Nimesafiri nayo tangu hapo. Nilikuwa naigusa kwenye foleni. Nilikuwa namshinda yule bwana kila nikiigusa.

Asubuhi ya juzi mke wangu alifungua boneti kama kawaida, akachomoa stiki, akasimama anaitazama. Akaniuliza, "Hii alama si imewekwa ili oili iishie hapa? Mbona wewe unaivuka kila siku?" Nikamwambia, hii stiki si ya lori hili. Ya kwake ilivunjika zamani, nikachomeka ya lori jingine. Ni ndefu kuliko ya asili, inazama zaidi, kwa hiyo alama yake iko chini mno. Ndiyo maana tunapanda vidole viwili, ndipo tunapata kiasi cha kweli. Nilimweleza kwa kujisifu, maana nilijitungia mwenyewe. Akaifuta stiki polepole. Akaniuliza, "Na yule mtoto, gari lake nalo lina stiki ya kuazima?"

Nilipanda nikawasha injini. Hakupanda. Alisimama pale na stiki mkononi mpaka nikazima.

Basi sikiliza. Gari lako ni zima. Halina ugonjwa wowote. Wewe unalijaza kupita kiasi, kama mtoto anayelishwa na bibi wawili. Oili ikizidi, injini inaikoroga mpaka inatoa povu, povu linapanda kwenye bomba la kupumulia, linaingia linakoungulia mafuta, linaungua, ndio huo moshi wa buluu. Gari linatapika kilichozidi, wewe unaona imepungua, unaongeza tena. Kafungue nati ya chini, mwaga mpaka oili ishuke kwenye alama ya juu, isivuke hata unywele. Bora zaidi imwagwe yote iwekwe mpya, na fundi akague bomba hilo na plagi. Yule mwenye ovaroli safi anafaa.

Mimi nilijua tangu barua yako ya Machi. Uliandika vidole viwili, nikaona palepale. Ningekwambia kwa mstari mmoja. Lakini mstari wa chini yake ulikuwa na yule bwana, umemvalisha fremu, anaiona pua ya dada yangu. Nikakaa na barua mpaka Mei, kisha nikakuandikia uendelee. Nilitaka gari life mikononi mwako ili na yeye afe nalo. Ni wivu. Niliuita ushauri wa magari, lakini ni wivu, tena wa kitoto, na umeniingia mtu mwenye mvi kwenye nyusi.

Aliyekupa alikupa kitu kizuri. Sentensi hiyo nimeiandika na mkono unauma.

Mfuate babako. Mwambie kosa lilitoka wapi. Suti bado ina karatasi yake, dukani wataipokea.

Mjomba


1 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mchumba wangu mzima, mama mwenye nyumba amefungua madirisha. Nilipata barua yako nikaenda nayo gereji moja kwa moja, sikuingia hata ndani kuvua viatu vya kazi. Oili imemwagwa yote, ilikuwa nyingi mpaka fundi akaita wenzake waje waone. Bomba limesafishwa. Tangu hapo stiki haijashuka na asubuhi hakuna moshi.

Sasa na mimi nikwambie niliyokuficha.

Lile neno la fundi, mwezi wa tatu, ndilo hilo hilo. Alisema, "Dada, oili imezidi. Nani kakufundisha kujaza hivi?" Nikamwambia Mjomba wangu ameendesha lori kabla hujajua kutambaa, na Mjomba hakosei mambo ya oili. Nikafunga boneti. Na neno la Baba siku ile, nililosema sikuweza kulibeba, nalo ni hilo hilo. Alikwenda gereji mwenyewe, kwa kupapasa ukuta, akaulize kwa nini zawadi yake inaniaibisha. Aliniambia, "Mwanangu, huyo mjomba wako amekufundisha vibaya." Basi. Hakukutukana. Nami nilimtupia kila kitu nilichokuwa nacho, nikitetea vidole viwili ambavyo wewe mwenyewe ulikuwa umekwisha kujua kwamba si vya kweli.

Ulikuwa unaona wivu wa nini, Mjomba? Nilimfukuza baba yangu kwa ajili yako, na nilikuwa nimekosea, na wewe ulijua.

Nililia, kisha nikaendesha gari mpaka kwake. Ni mbali, lilienda vizuri. Alifungua mlango bila miwani, akaniuliza ni nani. Nikamvalisha. Nilimweleza yote, na barua yako nikamsomea, pamoja na pale uliposema mkono unauma. Nilidhani atacheka au atakasirika. Akaniuliza, "Ameandika mwenyewe, bila kulazimishwa?" Nikasema kuna mama mmoja alisimama na stiki mkononi, lakini kuandika ameandika mwenyewe. Kisha akasema tangu siku ile dukani na yeye amekuwa akikuonea wivu, kwa sababu sentensi zangu zote zinaanza na "Mjomba alisema". Alisema alipolileta gari alitaka nianze sentensi moja na "Baba". Sikujua kwamba wanaume wazima wanaweza kugombania mwanzo wa sentensi.

Kuhusu kiti nimeamua. Ni cha Baba. Si kwa sababu alinizaa, wala si kwa sababu ya gari. Aliniambia kweli nikamfukuza, na mtu akifukuzwa kwa kusema kweli lazima arudishwe mbele ya watu wote. Wewe na mkeo mtakaa mstari wa nyuma yake. Msajili atauliza kwa sauti, "Mzazi wa bibi harusi yupo?" na aliye kwenye kiti ndiye atakayeitika. Sijamaliza kukukasirikia, na sijui nitamaliza lini. Lakini usiirudishe suti.

Mkeo mwambie jina abaki nalo. Amelifanyia kazi kuliko mimi.

Mpwa wako


15 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Lori liko gereji, nimeamua kulitafutia stiki yake ya halali, na wauza vipuri wote wananiambia zilikwisha toka duniani. Mke wangu ameshona nguo ya Agosti na anasema nisipoharakisha atakuja bila mimi.

Barua yako nimeisoma pembeni ya barabara. Pale ulipoandika kwamba ulimwambia fundi Mjomba hakosei, nilishuka nikatembea kidogo kando ya lori. Nilikuwa nimeshikwa mkono mzima, mimi nahesabu vidole vya mwenzangu. Sina neno zuri la kuweka hapo, kwa hiyo siweki.

Umeamua haki. Nimemweleza mke wangu kwamba umeamua haki, akaniambia nirudie bila kukunja uso, nikarudia, akasema bado. Sitakudanganya tena, hata kwa adabu: wivu haujaisha. Nikifikiria yule bwana amekaa mezani, na mimi nyuma natazama kisogo chake, damu inanichemka. Lakini nitakaa. Nitamsalimia kwanza, kabla hajanisalimia. Nitamuuliza habari za macho, na nitasubiri jibu.

Tutafika siku moja kabla. Usitupangie chumba, tutalala kwenye kabini, tumezoea. Sherehe yako sitaiharibu. Sitapiga honi, wala kusimama, wala kutoa hotuba.

Ila msajili akiuliza kama mzazi yupo, usigeuke ukisikia sauti mbili zimeitika.

Mjomba wako